Kuunganisha simu au kicheza muziki na redio iliyokuja na gari

Mtu akinunua gari lililotumika Japani na kulifikisha Arusha au Moshi, hukuta kwenye dashibodi redio iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine na zama nyingine za muziki. Ina mlango wa sidi, pengine na mlango wa MD, yaani zile sidi ndogo za ndani ya kasha ambazo hapa kwetu hazikupata kuzoeleka. Magari ya miaka ya 1990 yana mlango wa kaseti. Na yale yenye skrini humsalimu mwenye gari kwa Kijapani kila anapozungusha ufunguo. Nyimbo zake zote, hata hivyo, zimo ndani ya simu au kicheza muziki kidogo cha mfukoni, na njia ya kuzitoa huko hadi kwenye spika za milangoni haionekani kwa haraka.

Ushauri wa kwanza anaoupata mitaani ni kung'oa redio hiyo na kufunga mpya yenye skrini kubwa. Mimi siuafiki upesi. Redio ya kiwandani ikiwa nzima hutoa sauti inayolingana na spika zake, waya zake hazijakatwa na mtu, vitufe vya usukani huendelea kufanya kazi, na mwizi haitamani sana. Kinachohitajika ni kujua redio hiyo inapokea sauti ya nje kupitia mlango gani, kisha kununua kifaa kinacholingana na mlango huo. Wengi wetu huenda kinyume: tunanunua kifaa kwanza kwa sababu tumekiona kwa rafiki, halafu tunarudi nyumbani kutafuta pa kukichomeka.

Isome redio kabla ya kwenda dukani

Gari likiwa limesimama, zungusha ufunguo hadi kwenye ACC, yaani hatua inayowasha redio, bila kuwasha injini, kisha usome uso wa redio herufi kwa herufi. Neno AUX likiwa kando ya tundu dogo la mviringo, lenye ukubwa wa pini ya visikizio, kazi yako ni nyepesi. Neno USB na tundu lake la mstatili lina maana yake, nitakayoieleza. Maneno MP3 au WMA yaliyoandikwa karibu na mlango wa sidi yanakuambia kwamba redio inasoma sidi zenye mafaili ya nyimbo, si zile za muziki wa kawaida peke yake. TAPE ni kaseti. Ukiona CD-CH, CHG au maneno yanayofanana na hayo, nyuma ya redio huenda kuna tundu lililokusudiwa kwa sanduku la kubadilishia sidi, na tundu hilo linaweza kutumika kwa namna nyingine. Magari yenye skrini ya ramani mara nyingi yana neno VTR, ambalo ni mlango wa kuingizia picha na sauti kutoka kwenye deki.

Usiishie usoni. Tumia tochi ya simu kukagua ndani ya droo iliyo mbele ya abiria, ndani ya kisanduku cha kuegemezea mkono kati ya viti, na chini ya dashibodi karibu na gia, maana viwanda vilipenda kuficha tundu la AUX pale ambapo simu ingewekwa. Jirani yangu mmoja wa Majengo, Moshi, alisikiliza muziki kwa kifaa cha kurushia FM, kile kinachoutuma muziki wa simu kwenye redio kama stesheni, kwa muda mrefu sana huku tundu la AUX likiwa chini ya rundo la risiti za mafuta kwenye kisanduku cha kati. Baada ya ukaguzi huo, bonyeza kitufe cha MODE, MEDIA au AUDIO mara kadhaa na kuandika kila jina linalotokea kwenye skrini. Zipo redio zinazolificha jina la AUX hadi pini ichomekwe, kwa hiyo tundu likionekana na jina lisionekane, chomeka waya kwanza ndipo ubonyeze tena.

Waya wa AUX

Gari likiwa na tundu la AUX, usitafute kitu kingine. Nunua waya wenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili. Unapatikana katika maduka mengi ya vifaa vya simu, kuanzia yale ya kuzunguka Soko Kuu la Arusha hadi ya katikati ya mji wa Moshi. Kabla ya kulipa, itazame pini kwa karibu. Ina mistari myembamba, kwa kawaida myeusi au myeupe, inayoigawa katika vipande. Mistari miwili huifanya iwe na vipande vitatu: wa kushoto, wa kulia, na wa ardhi, yaani waya wa kurudishia umeme. Mistari mitatu huleta kipande cha nne, ambacho ni cha maikrofoni ya kupokelea simu. Kwa kazi hii chagua ile ya mistari miwili, kwa kuwa redio haina haja ya maikrofoni hiyo, na pini ya vipande vinne ikiingia kwenye tundu la vipande vitatu, mara nyingine ardhi haigusi inapotakiwa.

Dalili ya ardhi kutogusa ni ya ajabu kiasi kwamba nimewahi kuona watu wakipeleka spika zao kwa fundi bila sababu. Wimbo unapigwa, gitaa na mwangwi wa vinanda vinasikika, lakini mwimbaji hayupo. Au yupo kwa mbali, kama anaimbia ndani ya pipa. Sababu yake ni hii: ardhi ikikatika, spika hazipati tena sauti ya kushoto na ya kulia kila moja kwa njia yake, bali hupata tofauti kati ya hizo mbili. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote, hivyo ukitoa moja kwenye nyingine hubaki sifuri, na kinachosalia ni vile vyombo vilivyoegemezwa upande mmoja. Dawa yake ni kusukuma pini hadi isikike ikiingia kabisa, au kuondoa kava nene la simu linaloizuia kufika mwisho, au kufuta vumbi kwenye tundu. Kwa magari yanayopita barabara za vumbi, tundu la AUX linaloelekea juu hujaa upesi. Kijiti cha meno kikavu, redio ikiwa imezimwa, kinatosha kulisafisha. Usitumie sindano.

Waya ukishaingia, anza na sauti ya redio ikiwa chini. Pandisha sauti ya simu au ya kicheza muziki hadi karibu na robo tatu ya uwezo wake, au kuzidi kidogo, kisha tumia kitufe cha redio kurekebisha sauti unayoitaka. Ukiiacha simu ikiwa chini na kuipandisha redio, utaongeza pamoja na muziki ule mvumo wa ndani ya redio yenyewe. Ukiipandisha simu hadi mwisho kabisa, besi zitaanza kupasuka hata redio ikiwa chini, na hapo tatizo si spika. Kumbuka pia kuishusha redio kabla ya kuhama kutoka AUX kwenda kwenye stesheni, kwa kuwa stesheni huingia kwa nguvu zaidi na inaweza kumshtua dereva.

Simu nyingi za sasa hazina tundu la visikizio. iPhone ililiacha mwaka 2016, na kampuni nyingine zikafuata. Hapo utahitaji kiunganishi kifupi cha kutoka tundu la chaji kwenda pini ya 3.5, na hapa ndipo fedha ya wengi inapopotea. Viunganishi vya USB-C ni vya aina mbili ambazo kwa macho hufanana. Aina moja haina kitu ndani zaidi ya waya, na inategemea simu yenyewe itoe sauti ya kawaida kupitia tundu la chaji, jambo ambalo simu nyingi hazifanyi. Aina nyingine ina kijisakiti cha kugeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida, ambacho kwenye maboksi huandikwa DAC. Nenda dukani na simu yako na visikizio vya waya, kijaribu palepale mezani, na ukisikia wimbo ndipo ulipe. Mwenye iPod ya zamani yenye tundu pana la pini 30 ana bahati asiyoijua: tundu hilo hutoa sauti ambayo haipitii kirekebisha sauti cha visikizio, na waya unaotumia njia hiyo hutoa muziki safi kuliko tundu la juu.

Gari lenye VTR badala ya AUX hutumia waya wenye pini ya 3.5 upande mmoja na pini nene mbili, nyeupe na nyekundu, upande wa pili. Nyeupe ni kushoto, nyekundu ni kulia. Tundu la njano ni la picha, liache lilivyo.

Mlio unaopanda na injini

Siku ya kwanza muziki ni mzuri. Siku ya pili unachomeka chaji kwenye tundu la kiberiti cha sigara, na nyuma ya wimbo unaanza mlio mwembamba kama wa mbu, unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Watu husema alteneta, yaani mtambo wa gari wa kuzalisha umeme, imekufa. Mara nyingi alteneta ni nzima, isipokuwa sasa simu imeunganishwa na gari kwa njia mbili, moja ya waya wa AUX na nyingine ya waya wa chaji, na kila njia ina ardhi yake. Tofauti ndogo ya umeme kati ya ardhi hizo mbili huzunguka na kuingia kwenye muziki.

Ichunguze kwa utaratibu. Injini ikiwa inaunguruma na wimbo ukiwa umesimamishwa, chomoa chaji peke yake. Mlio ukikoma, umeupata. Njia rahisi ni kuchaji simu kwa pawabenki wakati wa kusikiliza, kwa sababu pawabenki haijafungwa kwenye mwili wa gari. Njia ya kudumu ni kununua kifaa kidogo cha kutenganisha ardhi, chenye vitransfoma viwili ndani, kinachokaa katikati ya waya wa AUX. Kinapunguza besi kwa kiasi kidogo sana, na mlio hutoweka. Ikiwa mlio unaendelea hata chaji ikiwa imechomolewa, na unasikika pia kwenye sidi, basi hilo ni la fundi umeme wa magari, na si la waya wako.

Tundu la kiberiti likiacha kutoa umeme baada ya kuchomeka chaji ya bei ya chini, tafuta fyuzi iliyoandikwa CIG kwenye kisanduku cha fyuzi na uweke nyingine yenye namba ileile ya ampea, ambayo kwa magari mengi madogo ni 15. Nimeona fyuzi iliyofungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Gari hilo lilikuwa linasubiri kuungua.

USB

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nimechomeka simu kwenye USB ya gari, inachaji, mbona haipigi? Jibu ni kwamba redio nyingi za kiwandani husoma flashi, na simu ya Android haijitambulishi kama flashi hata ukichagua kuhamisha mafaili. Redio haiioni. Nyingine zinaitambua iPod na iPhone kwa sababu zilitengenezewa hilo, na kwa kawaida huandikwa hivyo kwenye uso wake au kwenye kitabu cha gari. Kwa wengine wote, USB ni ya flashi.

Flashi nayo ina masharti. Redio za zamani husoma mpangilio wa FAT32, na hazijui exFAT wala NTFS. Flashi kubwa za siku hizi mara nyingi huuzwa zikiwa exFAT. Nunua ya GB 8, 16 au 32, ifomati upya kwa FAT32 kwenye kompyuta, ukikumbuka kwamba kuifomati kunafuta kila kilichomo. Weka nyimbo za MP3, zipange katika mafolda machache badala ya kuzimwaga zote mahali pamoja, na ufupishe majina yake. Nyimbo ulizozihifadhi ndani ya programu ya kusikilizia kwa malipo ya mwezi haziwezi kunakiliwa kwenye flashi, kwa kuwa zimefungwa na programu yenyewe. Nyimbo za aina hiyo zitapita kwa AUX au kwa Bluetooth tu.

Gari lisilo na USB lakini lenye neno MP3 kwenye mlango wa sidi linaweza kuchomewa sidi ya mafaili ya MB 700, nayo ikabeba nyimbo zaidi ya mia. Ni njia ya kizee, ila haina waya.

Bluetooth

Alama ya Bluetooth kwenye redio haimaanishi muziki. Redio nyingi za miaka ya 2000 zilipewa Bluetooth ya kupokelea simu peke yake, na simu itaungana nazo vizuri, mtu atapiga utamsikia kwenye spika, lakini wimbo utaendelea kutokea kwenye simu. Ukitaka kujua, fungua mipangilio ya Bluetooth ya simu yako, gusa jina la gari, na utazame kama kuna sehemu ya sauti za midia. Isipokuwepo, usipoteze asubuhi nzima. Pale inapokuwepo, unganisha gari likiwa limesimama, maana redio nyingi za Kijapani huzuia menyu hiyo gari likitembea, na namba ya siri ikiombwa jaribu 0000 au 1234. Programu ya kutafsiri maandishi kupitia kamera ya simu itakusomea menyu ya Kijapani kwa kiasi cha kutosha.

Asiye na Bluetooth ya muziki, lakini mwenye AUX, anaweza kununua kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye AUX na kupata umeme kutoka kwenye chaji ya gari. Ni kifaa kizuri, ila kile kisa cha mbu hurudi palepale kwa sababu ileile ya ardhi mbili.

Kaseti

Kwa Corolla 110, Mark II na wenzao wa wakati huo, kaseti ya bandia yenye waya bado ndiyo njia yenye sauti bora, na inanishangaza watu wanavyoidharau. Haina utepe. Ndani yake kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachokaa uso kwa uso na kichwa cha kusomea cha redio, na muziki hupita kati yao kama ungepita kutoka kwenye utepe. Iingize polepole, waya ukitokea upande ambao hauminywi na mlango. Redio ikianza kugeuza upande kila baada ya sekunde chache, gia za plastiki za kaseti hiyo zimekwama na redio inadhani utepe umefika mwisho. Zizungushe kwa kalamu hadi zilegee. Sauti ikiwa hafifu na yenye ukungu, futa kichwa cha redio kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa spiriti kidogo, subiri ikauke, jaribu tena.

Tundu la nyuma, na tahadhari yake

Redio isiyo na mlango wowote usoni inaweza kuwa nao mgongoni. Kwenye Toyota nyingi tundu la sanduku la sidi lina nafasi 12, na viko vifaa vinavyochomekwa hapo na kuidanganya redio kwamba sanduku lipo, kumbe ni AUX au USB. Vya Toyota vimegawanyika kwa umbo la tundu: la zamani lina nafasi 5 juu ya 7 na la baadaye lina 6 juu ya 6, kwa hiyo lione kwanza ndipo uagize.

Kulifikia kunataka uvumilivu. Vua urembo wa plastiki unaozunguka redio kwa kipande bapa cha plastiki, au kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, ukianzia pembeni na kusikiliza klipu zikiachia moja baada ya nyingine. Usifanye kazi hii alfajiri ya Julai Arusha, plastiki ikiwa na baridi, maana huvunjika. Liache gari juani kwanza. Nyuma ya urembo kuna boliti, kwa kawaida nne za spana namba 10. Ukikutana na waya au soketi za rangi ya njano, usiziguse, kwa sababu ni za mifuko ya hewa.

Sasa tahadhari, ambayo niliipata kwa kuumia. Asubuhi moja nyumbani nililegeza terminali hasi ya betri ili nisugue ule unga wa kijani na mweupe unaojijenga pale. Nilimimina maji ya moto, nikasugua, nikakausha, nikafunga, kazi ya nusu saa. Gari liliwaka vizuri. Redio ya ramani ikanionyesha mstari wa Kijapani na visanduku vitupu vya kujaza namba, na haikutoa sauti tena. Redio hizo, zikikatikiwa umeme, huomba namba ya siri ambayo aliyeijua alibaki Japani. Kwenye Toyota namba hiyo huitwa ERC, na skrini huonyesha namba ya utambulisho wa redio, ambayo mafundi wenye programu yake huitumia kupata ile ya kufungulia. Piga picha namba hiyo na kuipeleka kwa fundi wa aina hiyo. Kubahatisha tarakimu hakusaidii, nami nilibahatisha siku mbili. Kadi ya ramani, ile SD inayokaa nyuma ya skrini inayofunguka, nayo usiitoe ukaiweke kwenye simu ili ubebe nyimbo. Redio ikiikosa hukataa kufanya kazi, na ndiyo maana ni lazima uhakikishe ipo kabla hujalipia gari.

Kwa hiyo, gari lenye skrini ya ramani lisiguswe redio wala betri kabla hujaonana na fundi anayeweza kuifungua. Redio ya kawaida ya sidi mara nyingi haina shida hiyo, zaidi ya kusahau stesheni ulizozihifadhi na saa.

Kifaa cha kurushia FM

Nimekiweka mwisho kwa makusudi, ingawa ndicho kinachouzwa zaidi. Huchomekwa kwenye tundu la kiberiti, hupokea muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth au waya, kisha huurusha kama kituo kidogo cha redio chenye nguvu ya mita chache, nayo redio ya gari huupokea kwa antena yake. Kila hatua ya safari hiyo hupunguza kitu. Mwenye mlango mwingine wowote autumie huo.

Tatizo la kwetu ni masafa. Japani kwa miongo mingi ilitumia megahezi 76 hadi 90 kwa FM, kwa kuwa sehemu ya kuanzia 90 kwenda juu ilikuwa ya televisheni. Televisheni ya analojia ilipozimwa mwaka 2011 ndipo nafasi ikapatikana, na redio za magari ya baadaye zikaanza kufika 95 na zaidi. Hapa Tanzania FM ni 87.5 hadi 108, na vifaa vya kurushia hufuata vipimo hivyo. Kwa redio ya Kijapani ya zamani, kifaa na redio hukutana kwenye kipande kidogo tu, 87.5 hadi 90. Ukikiweka kifaa kwenye 101 na kuitafuta kwenye redio hiyo, hutaipata hadi mwisho wa dunia.

Magari mengi hata hivyo yamewekewa ekspanda, kijisanduku kinachokaa kati ya waya wa antena na redio na kuyashusha masafa ya juu yaingie kwenye kipimo cha Kijapani. Ikiwa ekspanda ni ya megahezi 14, stesheni ya 102.5 itasikika redio ikiwa kwenye 88.5, na redio yako itazipata stesheni za 90 hadi 104. Hesabu ni hiyohiyo kwa kifaa chako: toa namba ya ekspanda kwenye namba uliyoiweka. Kama huijui namba ya ekspanda, tafuta stesheni unayoijua kwa jina na masafa yake, tazama redio inaonyesha namba gani, na tofauti ndiyo jibu.

Kuchagua masafa kunataka sikio. Kifaa kikiwa kimezimwa, pita kwenye redio hatua kwa hatua hadi upate mahali penye mvumo mtupu, kama mvua juu ya bati, pasipo minong'ono ya stesheni chini yake, na jirani zake wa pande zote mbili wakiwa kimya pia. Washa kifaa hapo. Mvumo ukizimika ghafla na kuwa kimya kabla hata ya kupiga wimbo, redio imekikamata vizuri. Ukiona kinakatika, kisogeze kwa kirefushi cha tundu la kiberiti, kwa sababu antena iko juu ya paa au kwenye kioo na mwili wa gari unaweza kuwa katikati.

Masafa yaliyo matupu Arusha mjini hayawi matupu Moshi, ingawa kati ya miji hiyo ni takribani kilomita 80 tu. Ukishapita Usa River utaanza kusikia mtu akihubiri chini ya wimbo wako, na kwenye njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mhubiri huweza kuwa ameshinda. Andaa masafa mawili kabla ya safari: moja uliyoipima ukiwa Arusha, ihifadhi kwenye kitufe cha 1 cha redio, nyingine uliyoipima siku uliyokuwa Moshi, iweke kwenye kitufe cha 2. Mimi hubadilisha ninaposimama Boma Ng'ombe, nikianza na kitufe cha redio kisha namba ya kifaa, kwa kuwa ukianza na kifaa utapokewa na stesheni ya watu kwa sauti yote uliyokuwa umeipandisha njiani.